Pedali ya Dada

Siku ya kwanza dada yangu aliangusha ndege kabla hata haijaacha ardhi vizuri, akauliza kama ndiyo imekwisha. Nikamwambia imekwisha, ila hii ni ya kompyuta, haigharimu kitu, abonyeze pale ianze upya. Akabonyeza. Ikaanguka tena, safari hii juu ya paa la banda lililochorwa pembeni mwa uwanja. Mume wake, aliyekuwa amekaa pua ikikaribia kugusa kioo, akasema, "Afadhali. Sasa umefika bandani."

Mtu angetukuta mchana ule angetuonea huruma. Tulikuwa watu wazima watatu tumejazana kwenye chumba cha kushonea, kompyuta imekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, nguo za wateja zimening'inia juu ya vichwa vyetu, na mwanamke mwenye heshima zake ameshika mswaki kwa mkono wa kulia huku mguu wake mtupu ukikanyaga pedali ya cherehani. Niliyemtengenezea vitu hivyo ni mimi, mdogo wake. Mimi ni fundi redio. Mtaani wananiita Nyaya.

Shemeji yangu ni seremala. Kwa miaka mingi, akishafunga karakana jioni, alikuwa akitengeneza ndege ya mfano, mabawa yake marefu kuliko mikono ya mtu mzima aliyeinyoosha. Mbavu zake alizichonga kwa kisu kutoka mbao nyepesi, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama ulimi. Ngozi ya mabawa aliishona dada, kwa kitambaa cha bitana cha rangi ya chungwa kilichobaki kwenye makoti ya watu, kisha wakaipaka gundi wote wawili ikakaza. Ndege ilikaa juu ya kabati la vyombo. Kila mgeni aliuliza itaruka lini, na shemeji alijibu bado kidogo. Siku zote kulikuwa na mahali pa kupiga msasa.

Kisha macho yakaanza kumhama. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kinachopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kuchelewesha tu. Shemeji hakulalamika. Alianza kujipima mwenyewe kwa kibao cha duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Asubuhi anasimama dirishani, anasoma. Mwanzoni alisoma kila kitu, mpaka saa za kufungua. Baadaye akawa anasoma jina la duka peke yake. Alipobakiwa na msalaba mwekundu wa kibao hicho tu, alikuja kibandani kwangu, akaweka mikono yake mikubwa juu ya meza katikati ya redio nilizozipasua matumbo.

"Shemeji," akasema, "nataka niione ikiruka. Sitaki kuja kusimuliwa. Nataka niione mimi."

Kuirusha mwenyewe alikuwa hawezi tena, maana ndege ikifika mbali kidogo ilimpotea. Mimi nami sifai. Nina makengeza tangu utoto. Kitu cha karibu nakiona sawasawa, lakini kikienda mbali nakiona viwili, na ndege mbili zikiwa angani sijui niendeshe ipi.

"Basi nyumba hii macho mazima ni ya mke wangu tu," akasema shemeji.

Dada alipoambiwa, hata hakuinua uso kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. "Mimi nimewahi kurusha nini? Hata jiwe sijui kurusha."

Hapo ndipo ilipoingia kompyuta. Ndege ilikuwa ni moja. Ikianguka mara moja tu, kinachorudi nyumbani ni kuni na kitambaa, na shemeji hatakuwa na macho ya kutengeneza nyingine. Kwa hiyo dada alitakiwa aangushe za kwenye kioo mpaka achoke kuangusha. Ipo programu ya bure ya kujifunzia, inaonyesha uwanja, mbingu na ndege, na ndege yenyewe inafuata mkono wako. Lakini rimoti ya shemeji ilikuwa ya zamani, haikuwa na tundu la kuchomekwa kwenye kompyuta, na vile vijiti vya mazoezi vinavyouzwa dukani bei yake ilinifanya nimuulize muuzaji kama ndege imo humohumo. Isitoshe, visingemfaa dada. Kijiti cha kulia kinaiongoza ndege, juu, chini na pembeni. Cha kushoto ndicho cha injini, na dada kidole gumba chake cha kushoto hakikunjiki. Sindano ya cherehani iliwahi kupita katikati ya kiungo, ikatokea upande wa pili.

Nami nina dharau fulani kwa vitu vya dukani. Ukifungua rimoti, ndani ya kila kijiti unakuta kidude kilekile kinachokaa nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Ukikizungusha huku umeme unaongezeka, ukikizungusha kule unapungua, basi, hakuna uchawi mwingine. Na kama yupo mtu mjini mwenye vidude vya sauti ndoo nzima, ni mimi. Nilichukua viwili kutoka redio kaseti iliyokwisha kufa, nikavipanga kimoja kimelala na kingine kimesimama ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula. Kijiti kilikuwa mpini wa mswaki. Ili kirudi katikati kikiachiwa, nilikifunga pande zote kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Ubongo niliutoa kwenye pedi ya gemu iliyosagika vitufe, nikaunganisha nyaya zangu pale palipokuwa na vijiti vyake, na kompyuta ikaamini.

Cha injini tulikitazama bila kupata jibu. Dada ndiye aliyesema, midomo imebana pini, "Si uniwekee mguuni? Mguu wangu unajua mwendo."

Kweli unajua. Dada anashona peku, anasema kiatu kinamziba masikio. Nilichukua pedali ya mashine yake iliyoungua mota, nikafunga uzi unaozungusha kidude cha sauti kila pedali inaposhuka. Akikanyaga kidogo, injini inanguruma kidogo. Akikandamiza, inakwenda mbio. Alijaribu, akacheka peke yake. Ilikuwa cherehani tupu.

Mambo mengine aliyashika upesi kuliko nilivyotarajia. Kinachowashinda wengi ni kwamba ndege ikiwa inakuja kukuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Mimi nilijiandaa kumweleza kwa kalamu na karatasi. Dada alitazama kidogo, akasema, "Aa, ni kama kukata nguo iliyogeuzwa ndani nje," na kuanzia hapo hakukosea tena. Aliizungusha ndege kuzunguka uwanja taratibu, kona zake safi kama za kola. Shemeji alikuwa akisema "eee, eee" kila ilipopita, kama mtu anayekunwa mgongo.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilitutesa wiki baada ya wiki. Kila kitu kikienda vibaya kidogo, ndege ikilalia bawa, au ikishuka mapema, au hata gari likipiga honi barabarani, injini ilikata. Ndege iliyo chini na isiyo na mwendo haina ujanja, inashuka puu. Dada aliangusha ndege nyingi mpaka shemeji akaacha kuzitania.

Nilidhani ni kazi yangu mbovu. Nilikagua lehemu zote, nikabadilisha uzi, nikabadilisha kidude, nikabadilisha na kile nilichobadilishia. Hasira zilinipanda.

"Dada, mguu! Usiachie mguu!"

"Sijaachia!"

"Umeachia!"

"Wewe umekaa huko nyuma unaujuaje mguu wangu? Funga nyaya zako vizuri uniache!"

Nikaingia chini ya meza. Nililala chali katikati ya vipande vya nyuzi na vitambaa, uso umeelekea pedali, nikamwambia arushe. Aliruka vizuri, akazunguka vizuri, akaanza kushuka. Nikasikia akivuta pumzi ghafla. Papo hapo mguu wake ukaruka juu kana kwamba umekanyaga kaa la moto, ukabaki umening'inia hewani, vidole vimejikunja. Juu ya meza nikasikia ndege ikijipiga chini.

"Umeona?" akasema dada. "Sikuuinua."

Hakuwa akidanganya. Hakujua. Siku ile sindano ilipompata, mguu ulichelewa, na tangu siku ile haujachelewa tena. Kwenye cherehani mtu akishtuka anainua mguu, mashine inasimama, kitambaa kinapona na kidole kinapona. Ndivyo alivyofundisha hata wanafunzi wake: ukiwa na shaka, inua. Sasa tulikuwa tunamwambia kwamba angani ukiwa na shaka, kanyaga. Alielewa kabisa kwa kichwa. Mguu ndio haukuelewa.

Tulijaribu kuufunga pamoja na pedali kwenye kiti. Wazo lilikuwa lake, na kitambaa chake. Ndege ilipoinama, mguu, pedali na upande mmoja wa kiti vyote viliinuka pamoja, dada akaanguka kwenye kapu la nguo za kupigwa pasi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilipotazama vizuri nikaona yeye hacheki.

"Tafuteni mtu mwingine," akasema akiwa bado mle kapuni.

"Sina muda wa mtu mwingine," akajibu shemeji.

Alikuwa hakai tena karibu na kompyuta. Siku za karibuni alikuwa amehamia kwenye benchi la ukutani, eti anapumzisha shingo, na kutoka huko alikuwa akifuata mazoezi yote kwa kusikiliza. Niliona uchungu, nikaanza kukunja nyaya zisizohitaji kukunjwa.

"Mlango ukifungukia upande unaomgonga mwenye nyumba," akasema shemeji, "mimi simfundishi mwenye nyumba kutembea upya. Nahamisha bawaba."

Ningependa kusema nililifikiria jambo hilo. Sikulifikiria hata kidogo. Mtu mzima na vyeti vyangu nilikuwa nahangaika na mguu wa dada, wakati kugeuza pedali ni kubadilisha nafasi za waya mbili, kazi inayokwisha kabla chai haijapoa. Nilizibadilisha palepale. Kuanzia hapo kukanyaga kukawa ni kupunguza, na kuinua kukawa ni kuongeza.

Dada aliiangalia pedali kwa mashaka. "Yaani nikiogopa, ndiyo inakimbia?"

"Ukiogopa inapanda. Na huko juu hakuna cha kugonga."

"Basi ni breki," akasema. "Mngesema tangu mwanzo ni breki."

Shemeji aliuliza itakuwaje siku ya siku kiti kikipinduka na mguu ukatoka kabisa. Lilikuwa swali la maana, maana injini ya kweli ina panga linalozunguka. Nikaweka swichi ndogo ya kuzima injini mwisho wa waya mrefu, nikasema nitaishika mimi, na kidole changu hakina makengeza. Wiki ile dada alitua kwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata alikuwa akitua huku anaongea na mteja kuhusu upana wa kiuno.

Nikafungua rimoti ya zamani, nikahamishia matumbo yake ndani ya kopo lilelile, mswaki uleule, pedali ileile. Tulikubaliana tusubiri Jumapili, upepo ukitulia.

Asubuhi moja kabla ya Jumapili hiyo nilipita kwao kuchukua koleo langu. Shemeji alikuwa dirishani, mikono nyuma, uso ameuelekeza barabarani.

"Leo unasoma nini?" nikamuuliza, kama nilivyozoea.

"Msalaba upo," akasema. "Mwekundu kabisa."

Nikatazama. Kibao hakikuwepo. Kilikuwa kimeshushwa, kimelazwa kwenye kibaraza cha duka, na fundi rangi alikuwa amekipaka nyeupe tupu. Ukutani palikuwa na misumari tu.

Nilimtazama shemeji, ndevu amenyoa vizuri, shati amefunga vifungo vyote kwa mpangilio, na nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia katika nyumba ile. Dada alikuwa jikoni. Nilichoweza kufanya ni kupaza sauti kwamba upepo wa leo ni mzuri, Jumapili ya nini, twende sasa hivi.

Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira wa shule, wanafunzi wakiwa likizo. Mlinzi alitufungulia geti, akamwona mama mtu mzima amebeba kiti na pedali, akauliza, "Mama, leo unashona nyasi?" Dada akamjibu kwamba kama ana suruali ya kupunguza ailete. Shemeji alikuwa ameweka mkono begani kwa dada, akasema jua la asubuhi linamuumiza. Dada hakuona ajabu. Mawazo yake yote yalikuwa mguuni.

Mkia wa ndege aliushika shemeji wakati nikijaza mafuta. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Alipitisha kiganja juu ya bawa, akasimama mahali.

"Hapa bitana imelegea."

"Haijalegea," akasema dada. "Usinianze."

Alikaa kwenye kiti, kopo mapajani, akavua kiatu cha kulia, akakandamiza pedali mpaka mwisho. Niliwasha injini, nikashika swichi yangu. Shemeji alijitenga kidogo, akasimama peke yake karibu na mstari wa kati, mkono ameuweka kwenye paji la uso. Dada aliinua mguu kidogokidogo. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikadunda, ikadunda tena, kisha haikurudi chini. Ilipanda na rangi yake ya chungwa juu ya paa la madarasa. Mimi nilikuwa naona mbili, zote zikienda sawasawa.

"Inakwenda!" nikapiga kelele. "Dada, inakwenda!"

"Nyamaza."

Alizunguka uwanja kama alivyokuwa akizunguka kwenye kioo. Alikanyaga kupunguza mwendo, injini ikawa inanguruma chinichini tu, na ukuta wa shule ukairudisha sauti ile kiasi kwamba ilionekana inatoka kila upande. Ndege ikaja kwetu, ikapita upande aliosimama shemeji. Dada akiifuata kwa macho, ikabidi amwone na yeye.

"Unaiona, mzee?"

"Naiona," akasema shemeji. "Nzuri kweli."

Alikuwa anatabasamu. Mkono upo kwenye paji la uso, kidevu kimeinuka, na uso wake wote umeelekea lile goli la mbali, mahali pasipokuwa na kitu isipokuwa mbingu. Ndege ilikuwa nyuma yake.

Dada akavuta pumzi kama alivyovuta siku ile nilipokuwa chini ya meza. Mguu ukaruka.

Injini ikapiga yowe. Ndege ikainua pua, ikapanda na kelele moja kubwa iliyoufunika ukuta na mwangwi wake wote, na shemeji akageuka. Aligeuka mwili mzima. Mkono ukashuka kutoka usoni, mdomo ukafunguka, na kichwa kikaanza kuifuata ndege, kikapanda nayo, kikapinda nayo kwenye kona, kana kwamba kimefungwa uzi. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Nilikiondoa.

Dada alikuwa analia. Machozi yalimshuka mpaka shingoni, yakalowesha kola, lakini hakupepesa macho, kwa sababu ndiyo macho mazima pekee tuliyokuwa nayo. Hakunitazama. Aliirudisha ndege, akaishusha, akaipitisha juu ya mume wake, na ilipofika juu yake akainua mguu, safari hii kwa kutaka. Shemeji akaigeukia. Dada akaipitisha tena, akainua tena. Alikwenda hivyo, kanyaga, inua, kanyaga, inua, mpaka injini ikaanza kukohoa kwa kuishiwa mafuta, ndipo akaileta chini. Ilidunda vibaya, ikasimama imelala upande karibu na duara la kati, nzima.

Shemeji alikuja akifuata sauti ya kiti. Dada alikuwa amesimama.

"Umeiona?" akamuuliza.

"Kila ulipoinua mguu," akasema shemeji.

Dada alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama machoni kwa muda mrefu, jicho moja halafu lingine. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Tangu asubuhi."

"Tutaongea nyumbani." Akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Mafuta yamebaki?"

Nikainua chupa juu. Ilikuwa na nusu.

"Sasa unangoja nini?" akasema. "Jaza."

Nikaenda kuichukua ndege. Niliporudi nayo, shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika mgongo wake, na dada alikuwa ameshakaa, mguu mtupu juu ya pedali, ameikandamiza mpaka mwisho.